Mtakatifu Ambaye Hajafa Bado

Ukimuuliza mtu yeyote aliyekulia Kabasa habari za Katekista, atakuambia kwanza kuhusu sauti yake. Alikuwa akianzisha wimbo chini mno, kwaya ikahangaika kumfuata huko chini, kina mama wakakohoa, na yeye anaendelea tu, macho ameyafumba. Atakuambia pia jinsi alivyowafukuza vijana waliowasha muziki wa dansi kwenye sherehe ya Komunyo ya kwanza, akang'oa waya wa spika kwa mkono wake mwenyewe. Hatakuambia kuhusu Meli. Hilo tulilijua wachache, na mimi nililijua kuliko wote, kwa sababu jina langu lilitoka huko.

Meli ni tamthilia. Jina lake kamili ni refu, la Kizungu, na pale kwetu wilayani Bunda hakuna aliyejisumbua kulitamka lote, kwa hiyo tangu enzi za kanda za video inaitwa Meli basi. Ni habari ya watu ambao dunia yao imeharibika. Wamepanda chombo kikubwa cha angani, chenye ghorofa za juu na za chini, wanatafuta dunia nyingine ya kuishi. Wanaitafuta mpaka leo! Ilianza kabla sijazaliwa, na juzijuzi nimepakua sizoni mpya. Ndiyo kazi yangu. Nina kibanda Bweri, hapa Musoma, nawaingizia watu muvi na tamthilia kwenye flashi na simu, nauza na chaja na kava. Kwa hiyo nikisema kwamba Meli siku hizi inaniudhi, nasema huku ndiyo inayonilisha. Mteja akija kuniuliza kama sizoni mpya ni kali, namwambia ni moto, halafu namtazama anavyoondoka amefurahi na moyo unaniuma.

Kibanda cha video cha Kabasa kilikuwa cha mabati, nyuma ya mashine ya kusaga. Padri alikipiga marufuku kwa waumini, na aliyetumwa kutangaza marufuku hiyo alikuwa Katekista. Aliitangaza vizuri sana. Jumamosi iliyofuata akaegesha baiskeli mashineni kama mtu aliyeleta mahindi, akapita uchochoroni, akaingia kibandani. Mwenye kibanda alikuwa amemwekea stuli nyuma kabisa, kando ya pazia, ili taa ikiwashwa awe wa kwanza kutoka. Mama yangu anasema kuna debe moja la mahindi lililokwenda mashineni msimu mzima na kurudi bila kusagwa, mpaka mkewe Katekista akauliza kama ile mashine ni ya kusaga au ya kutembelea.

Usidhani alikuwa mnafiki wa kustarehe. Aliteseka. Kila Kwaresima aliiacha Meli kabisa, na Jumatano ya Majivu ilipokaribia ungemwona kama mtu anayeagana na ndugu. Alipokuwa akiniambia mambo haya nilikuwa msichana mkubwa, na alikuwa anaangalia chini. "Mimi sikuwahi kunywa pombe," alisema. "Sikuwahi kupiga mtu. Hiyo Meli ndiyo ilinishinda."

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba ndani ya Meli hakuna anayesali. Hilo lilimnyima raha kila wiki. Hewa inaisha, watu wanashikana koo, watoto wanalia, na hakuna hata mmoja anayesema Ee Mungu. "Hao watu walilelewa na nani?" alikuwa akiniuliza, kama vile mimi nina undugu nao. "Hawana bibi? Hawana hata mtu mmoja wa kuwakumbusha?" Basi akawa anawaombea yeye. Palepale kwenye stuli, rozari mfukoni, vidole vinahesabu. Wenzake waliona mzee anasinzia.

Mazoea ya Meli yakamwingia mwilini. Salamu yake kwa sisi tuliojua ilikuwa, "Hewa ipo?" nasi tunajibu, "Ipo kidogo." Baiskeli ikipata pancha alisema ghorofa ya chini imepasuka. Mtu akichelewa mafundisho ya kipaimara aliambiwa kwamba mlango wa chombo umeshafungwa, aendelee kuelea huko nje. Watoto walidhani ni maneno ya Biblia. Mimi mwenyewe niliwahi kumbishia mwalimu wa shule kwamba Nabii Nuhu alikuwa na ghorofa za hewa.

Kuna Jumapili moja watu wa Kabasa hawajaisahau. Jana yake kwenye Meli kundi zima lilikuwa limeachwa nje ya chombo, kamba imekatika, na kanda ikaishia hapohapo. Katekista hakulala. Padri hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo yeye ndiye aliongoza ibada, na walipofika kwenye maombi ya waumini akasema, "Tuwaombee wasafiri walio mbali, waliokatikiwa kamba, ambao sasa hivi hawajui kama watafika." Mama mmoja mwenyeji wa Kiriba, aliyeolewa pale kwetu, mwanawe alikuwa ameenda ziwani kuvua na mtumbwi haukurudi. Mama yule alisimama akalia kwa sauti, watu wote wakaitikia, "Ee Bwana twakuomba utusikie," mara tatu bila kuambiwa. Baada ya ibada alimfuata Katekista, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumkumbuka mwanawe mbele ya watu.

"Ukamwambiaje?" nilimuuliza.

"Ningemwambiaje, binti? Nilisema asante mama. Halafu nikaenda nyuma ya kanisa nikatapika."

Tangu siku hiyo alimwombea yule kijana wa ziwani kila siku, kwa jina lake, kama kulipa. Lakini kila akimwombea, alisema, anawaona kwanza wale wa Meli, halafu ndipo anamwona kijana wa watu. Hilo alilibeba miaka yote.

Sasa nifike kwenye jina.

Nilikuwa mchanga wa wiki chache. Ilikuwa mchana, siku ya Jumamosi, baba yangu amekwenda Musoma, na mimi nikashikwa na degedege. Mama aliona nimegeuza macho, mwili umekakamaa, akajua ninakwenda. Kwa desturi yetu Wakatoliki, mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padri yuko mbali, katekista anambatiza hapohapo kwa maji ya kawaida. Jirani akakimbia kumtafuta Katekista. Nyumbani hayupo, kanisani hayupo. Mtu akamnong'oneza: jaribu nyuma ya mashine.

Alitolewa kibandani katikati ya Meli. Alikuja mbio, bila baiskeli, jasho linamtiririka, na kichwani bado yuko kule. Kule, wakati anaitwa, daktari wa chombo alikuwa ameinama juu ya mtoto asiyepumua, anampulizia hewa yake mwenyewe kutoka kwenye kofia yake. Daktari Solvena. Mwanamke mrefu, mpole, nywele kazifunga nyuma, kila mara ananawa mikono kabla ya kugusa mtu. Katekista alimpenda kuliko wote mle chomboni, na alinieleza upendo wake kwa tahadhari, kwamba ulikuwa wa heshima tu.

Alifika kwetu akachukua maji ya mtungini kwa kikombe. "Jina nani?" akauliza. Mama hakuwa amechagua, alikuwa akilia tu. "Chagua wewe, Katekista, upesi!" Akafungua kinywa kutafuta jina la mtakatifu, na kilichotoka ni, "Solvena, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Nikalia. Nikapona.

Mama alipotulia akamuuliza huyo Solvena ni mtakatifu wa nini, maana hakuwahi kumsikia. Katekista alisimama na kikombe mkononi. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo angeweza kusema kweli, na palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Akasema, "Ni mganga. Anaponyaga watoto." Ambalo, ukilipima vizuri, si uongo.

Sasa ona mambo yalivyokwenda. Mama yangu si mtu wa kukaa na neema peke yake. Aliitangaza Kabasa nzima. Kwenye jumuiya yetu, wanapoomba kwa watakatifu, wakishamaliza Yosefu na Anna na Martini, mama anapaza sauti, "Mtakatifu Solvena!" na kina mama wote wanaitikia, "Utuombee!" Mtoto akipata homa kali wanamwita Solvena. Mwingine akifunga choo, Solvena. Na Katekista amekaa palepale kwenye benchi, anaongoza, hana pa kutokea. Alikuwa anaitikia kwa midomo bila sauti. Mama mpaka leo hajui. Kila nikienda kumsalimia Kabasa ananiambia nimshukuru somo wangu, nami nasema nitamshukuru.

Katekista alijaribu kujitoa. Alimwendea padri, akamzungukia kwa mbali. "Padri, hivi ikitokea mtu amebatizwa kwa jina ambalo mtakatifu wake... hajafa bado?"

Padri alicheka mpaka akavua miwani. "Basi mwambie huyo mtu awe mtakatifu yeye. Awe wa kwanza."

Alirudi na jibu hilo amelishika kama dawa, lakini halikumtosha. Kilichomtuliza ni hoja aliyoijenga mwenyewe, na alinieleza siku aliyoamua kuniambia ukweli, nikiwa kidato cha pili. Alinikalisha nyumbani kwake. Wakati huo alikuwa na televisheni yake, ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama tabernakulo ya kanisani. Akaiwasha, akasubiri, akanyoosha kidole. "Yule pale. Yule ndiye wewe." Halafu akageuza uso asione nitakavyofanya.

Nilicheka, jamani. Nini kingine? Nilikuwa na miaka ya kupenda visa. Nikamwambia ni jina zuri, hakuna mwenzangu shuleni aliyekuwa nalo. Lakini yeye hakucheka. "Si mtakatifu," alisema. "Nimelikubali hilo. Lakini ni mtu mwema, Solvena. Nimemwangalia miaka mingi, sijamwona akifanya ubaya hata mmoja. Jina la mtu mwema haliwezi kumdhuru mtoto. Au siyo?"

"Siyo dhambi, Katekista."

"Basi."

Hiyo ndiyo ilikuwa nguzo yake. Naomba uikumbuke, kwa sababu mimi ndiye nimeichezea.

Tangu siku ile nikawa mtu wa Meli kwelikweli. Tuliangalia pamoja Jumamosi baada ya usafi wa kanisa, mkewe anatuletea viazi vitamu na kutuita wehu. Chombo cha enzi hizo kilikuwa cha maboksi, unaona kabisa ukuta unatikisika mtu akifunga mlango, na nyota ni matundu kwenye kitambaa cheusi. Tuliamini vyote. Daktari Solvena akiingia, Katekista ananigusa kiwiko. Nilijifunza kufunga nywele nyuma kwa ajili yake. Nikaanza na kunawa mikono ovyoovyo, mama akafurahi akasema ni malezi.

Halafu watengenezaji wakapata hela, au wakapata wazimu, sijui. Picha zikawa za kung'aa. Chombo sasa ukikiona unasema hiki kweli kinaruka. Lakini watu wa ndani wakaharibiwa mmoja mmoja. Nahodha aliyekufa akafufuliwa bila sababu, akaoa adui. Watoto tuliowaona wakizaliwa wakawa wauaji. Nikawa naangalia nimekunja uso, naapa hii ndiyo ya mwisho, na sizoni mpya ikitoka mimi ndiye wa kwanza Musoma nzima kuipakua. Wateja wangu wanajua. "Dada Solvena, mbona unaitukana na huiachi?" Nawaambia waende zao.

Na kisha sizoni ya kumi na nne. Hewa ya chombo haitoshi. Nahodha anamwita Daktari Solvena ofisini. Anamwambia watu wa ghorofa za chini wapunguzwe. Nilikuwa nimekaa kibandani kwangu, mchana, wateja wawili wanasubiri, nikasema hapa sasa atakataa, hapa ndipo atamtemea mate. Hakukataa. Alikwenda kwenye matangi ya maji ya ghorofa za chini akatia dawa, kwa mikono ileile, na kabla ya kuyafungua maji akanawa.

Nilifunga kibanda. Wateja waligonga, sikufungua. Ni kitu cha kuigiza, najua, ni mwanamke fulani huko mbali amelipwa mshahara wake. Lakini hilo ndilo jina ambalo mama yangu analiita juu ya watoto wagonjwa.

Wakati huo Katekista alikuwa ameshastaafu, amefiwa na mkewe, amerudi kwao Butiama. Magoti yalikuwa yamekataa baiskeli. Alikuwa na televisheni ya sola yenye tundu la flashi, na flashi zake zote nilikuwa namwingizia mimi, bure, namtumia kwa kijana wa bodaboda anayemfahamu. Nikaishika ile flashi mkononi nikafikiria nguzo yake. Nikaamua kumficha. Kila episodi ambamo Solvena anaonekana kuanzia hapo, niliifuta, nikamtumia zilizobaki.

Haikuchukua muda akapiga simu. "Binti, hewa ipo?"

"Ipo kidogo, Katekista. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona hii hadithi inarukaruka kama panzi? Watu wa chini wanaomboleza, sioni waliokufa walikufaje."

"Ndivyo wanavyotengeneza siku hizi."

"Na Daktari yuko wapi? Simwoni."

Hapo ndipo nilipotumbukia. Nikasema mwigizaji wake yuko likizo ya uzazi.

Lo! Laiti ningesema anaumwa mguu. Furaha aliyoipata mzee yule! Aliona ni baraka, mwanamke wa umri ule. Akaanza kumwombea ajifungue salama. Kila akipiga: amejifungua? Mwishowe nikasema amejifungua. Mtoto gani? Wa kike. Akashukuru Mungu kwa Kizanaki, akaniuliza wamempa jina gani. Nikasema hawajalitangaza. "Wasichelewe," akasema kwa wasiwasi wa kazi yake. "Mtoto asikae hivihivi." Nilikata simu nikainamisha kichwa kwenye meza ya chaja. Nimewahi kuwadanganya watu wengi, wateja, wanaume, hata polisi wa barabarani, na sijawahi kujisikia mchafu namna ile. Na bado juma lililofuata niliifuta episodi nyingine.

Mwaka huu, masika yakiisha, mkwe wake, mke wa mwanawe wa mwisho, alinipigia. Mzee hayuko vizuri, kifua kinambana, na anataka nije mwenyewe, siyo flashi. Nilifunga kibanda nikaenda Butiama.

Nilimkuta barazani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekwisha. Mashavu yameingia ndani, lakini kola ya shati imefungwa mpaka juu kama kawaida yake. Mkwe akaleta uji, akatuachia faragha, akaenda kupepeta mtama uani. Katekista hakuniuliza habari ya hewa. Alikuwa anapumua kwa kuchagua.

"Padri anakuja Ijumaa," akasema. "Kunipaka mafuta, na kuniungamisha. Nimeanza kujiandaa. Nimejikumbusha yote tangu ujana, na yote nimeyapata. Limebaki hili lako la jina."

"Katekista, hilo si lilishaisha?"

"Ndilo ninalotaka kujua. Kwa sababu kama nilimpa mtoto wa watu jina la mtu mwema, hiyo si dhambi, nisimpotezee padri muda. Lakini kama kuna ubaya, lazima niuseme. Sasa miezi hii yote simwoni, sijui anaendeleaje. Wewe unaona kuliko mimi." Akanigeukia. "Bado ni mwema, si ndiyo?"

Sauti ya ungo kule uani ilikuwa inasikika. Nilikuwa na ndiyo iko tayari mdomoni, ndiyo ndogo tu, na angekufa nayo akiwa ametulia. Lakini mtu huyu alikuwa anajiandaa kuungama, na mimi nilitaka kumpeleka mbele ya padri na maungamo niliyoyachakachua kama flashi. Nilishindwa.

"Hapana, Katekista."

Alisubiri.

"Aliua watu. Wa ghorofa za chini, wengi mno. Alitia sumu kwenye maji yao ili hewa iwatoshe wa juu. Nilikuwekea nusu. Nilizifuta zile zake zote, makusudi."

Nilisubiri anifokee, ningefurahi kama angenifokea.

"Na mtoto?" akauliza.

"Mtoto gani?"

"Wa kike. Aliyejifungua."

"Hakuna mtoto, Katekista. Nilidanganya."

Aliangalia mikono yake. "Nimemwombea yule mtoto kila asubuhi," akasema. "Hata nilikuwa nimemchagulia jina." Midomo ikamtetemeka, sikujua kama ni kicheko au nini. "Kumbe na wewe una lako la kumwambia padri."

"Nisamehe."

Alivuta blanketi. "Na wewe umeendelea kuangalia? Baada ya kuona hayo?"

"Kila ikitoka."

"Kwa nini? Si umeona ameharibika?"

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo nikajibu. "Nasubiri aombe msamaha," nikasema, nikaona aibu kulia kwa ajili ya tamthilia mbele ya mzee anayekufa. "Nasema labda episodi hii, labda inayofuata. Hajaomba. Wanazidi kumpa madaraka tu."

"Hajaomba kabisa?"

"Bado."

"Unayo hapo? Ile ya maji?"

"Ipo kwenye simu. Lakini Katekista, haikufai, kifua chako..."

"Iweke," akasema, kwa sauti aliyokuwa akiwaambia nayo vijana wa spika. "Nilimchukulia jina lake bila kumwomba. Alipokuwa mzuri nilimfaidi. Nimkimbie leo?"

Nikasogeza stuli, nikaegemeza simu kwenye bakuli la uji. Tukakaa karibu, bega kwa bega, kwa sababu kioo ni kidogo na macho yake ni mabovu. Nahodha alimwita. Daktari akaingia ofisini, akasikiliza. Katekista alikuwa amenyoosha shingo, na nilimsikia ananong'ona, "Kataa, mama. Kataa." Daktari akatoka. Akatembea kwenye ule ujia mrefu, nywele kazifunga nyuma, akafika kwenye matangi. Akawa anafungua kifuniko.

Ndipo mkono wa Katekista ulipokuja usoni kwangu. Kiganja chake kikavu kilinifunika macho yote mawili, akanivuta kichwa kwenye bega lake, kama unavyomfunika mtoto mahali pa msiba.

"Wewe usiangalie," akasema. "Nitaangalia mimi."

Nilikuwa nimeshaiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Nilijua kila pumzi yake. Nilisikia kifuniko, nikasikia ananawa, nikasikia maji yakifunguliwa kwenda chini, na kifua cha mzee kikipanda kwa shida chini ya sikio langu. Halafu ule muziki wa mwisho ukapiga, ukaisha, simu ikanyamaza, na kilichobaki kilikuwa ungo wa mkwe kule uani. Mkono haukuondoka.

"Imeisha?" nikauliza.

"Bado," akasema.

Nami nikatulia palepale, sikumwambia kwamba najua.